Nani Aliyegonga Bodi? Marekani Ilipokata Kona

(Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa jumuiya yetu ya Waswahili hapa Columbus, Ohio. Ndugu wengi waliokuwa zamu wameniomba niiweke yote, nami nimeiweka kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha, maana hata pale ukumbini zilikuwa hazionekani vizuri.)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Habari za jioni wazee wangu, mama zangu, dada zangu, vijana. Ndugu zetu wa Burundi, amahoro. Ndugu zetu wa Kongo, mlio wengi kuliko sisi wote na mnaotucheka tunavyosema Kiswahili, jambo yenu.

Nimeombwa niseme juu ya historia ya Marekani kwa sababu wako miongoni mwetu wanaojiandaa kwa mtihani wa uraia. Mtihani ule nimeufanya. Utaulizwa nani alikuwa Rais wakati wa mdororo mkuu wa uchumi na wakati wa Vita Kuu ya Pili, utajibu Roosevelt. Utaulizwa Martin Luther King alifanya nini. Utajibu alipigania haki za raia. Utapita, utakula kiapo, utapewa kibendera, utapiga picha na watoto. Safi kabisa.

Lakini mimi nilifundisha historia miaka kumi na mmoja Morogoro kabla sijaja huku kusukuma mapaleti ghalani, na kuna deni linanisumbua. Niliwafundisha wanafunzi wangu historia ya madereva. Rais huyu alifanya hivi, jenerali yule akafanya vile. Sasa nawauliza ninyi mliopanda daladala, mliopanda matatu: gari linaposimama ghafla au likikata kona bila kutarajiwa, ni dereva peke yake? Si kuna mtu nyuma kule amegonga bodi? Dereva jina lake liko kwenye leseni. Aliyegonga bodi, nani anamkumbuka?

Basi jioni hii nitawasimulia juu ya waliogonga bodi. Na mniwie radhi, mwezini sitafika, Hiroshima sitafika. Tuna saa moja tu, na pilau nainusa tangu nilipoingia.

Tuanze na mfuko wako. Toa karatasi ya mshahara. Kuna mstari wa makato ambao kila mtu hapa ameshaulaani angalau mara moja. Wengine tunauita soshali tu: hifadhi ya jamii. Kila wiki mbili wanakata. Umeshawahi kujiuliza mstari ule ulianza lini?

Mwaka 1929 soko la hisa la New York lilianguka. Kufikia 1933, katika kila wafanyakazi wanne mmoja alikuwa hana kazi. Mabenki yalikuwa yakifa kama kuku wa kideri. Roosevelt alipoapishwa mwezi Machi mwaka ule, moja ya mambo yake ya kwanza ilikuwa kufunga mabenki yote ya nchi nzima, kisha akaongea redioni, taratibu, kama mzee anayeeleza wajukuu, kwamba benki itakayofunguliwa tena itakuwa imekaguliwa. Watu wakapanga foleni kurudisha pesa walizokuwa wamezificha chini ya godoro. Kurudisha! Tarehe 14 Agosti 1935 akatia saini sheria ya hifadhi ya jamii.

Hayo ya dereva. Sasa abiria. Kule Vermont, kijiji cha Ludlow, alikuwepo mwanamke anaitwa Ida May Fuller, karani katika ofisi ya mawakili. Hakuwa na mume wala mtoto. Mwaka 1939 alikuwa mjini kwa shughuli zake, akapita kwenye ofisi ya serikali kuuliza. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuwa anategemea chochote. Alijua tu kuna kitu amekuwa akikatwa, akaona bora aulize. Umeona? Akauliza tu. Januari 31, 1940, ikatolewa hundi ya kwanza kabisa ya pensheni ya kila mwezi, namba yake sifuri nyingi na moja mwishoni, dola 22 na senti 54. Ya Ida May.

Sasa sikilizeni hesabu. Katika miaka mitatu Ida May alikuwa amekatwa jumla ya dola 24 na senti 75. Hundi ya pili tu ilishamrudishia na chenji. Akaendelea kuishi. Akafika themanini. Akafika tisini. Alifariki 1975 akiwa na miaka mia moja, amekwisha kuchukua zaidi ya dola 22,000. (Mzee wangu pale mbele ananiuliza kama nafasi hiyo bado ipo. Haipo, mzee.)

Nacheka, lakini kuna jambo la kutochekesha. Sheria ile ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani. Na katika majimbo ya kusini, nani alikuwa analima pamba ya mtu, nani alikuwa anafua na kupika kwenye nyumba ya mtu? Mtu mweusi. Sheria haikutaja rangi hata mara moja. Haikuhitaji kutaja. Ilichukua miaka mingi, hadi miaka ya hamsini, kundi kubwa la watu hao kuingizwa. Kwa hiyo mtu akikuambia sheria fulani haina ubaguzi kwa sababu neno la rangi halimo, mwombe akusomee orodha ya kazi zilizoachwa.

Na kazi hiyo ya jikoni inatupeleka Alabama. Hapa nitakaa, mnivumilie, kwa sababu hadithi hii ni ya basi, na sisi ni watu wa mabasi.

Montgomery, Alabama, mwaka 1955. Mtu mweusi anapanda kwa mlango wa mbele, analipa senti kumi, kisha anashuka na kuzunguka kupandia mlango wa nyuma. Wakati mwingine dereva anaondoa gari kabla hujafika nyuma, na senti zako amebaki nazo. Viti vya mbele ni vya wazungu hata kama ni vitupu. Na abiria weusi ndio walikuwa kama robo tatu ya abiria wote! Kampuni inaishi kwa nauli zao.

Desemba 1, siku ya Alhamisi, mshonaji wa duka kubwa la nguo, Rosa Parks, alikataa kuinuka. Hilo mnalijua, hata watoto wenu wa darasa la pili wanalijua. Miezi tisa kabla yake, Machi 2, msichana wa miaka kumi na mitano, Claudette Colvin, alikuwa amekataa kuinuka vilevile katika mji uleule, akaburutwa na polisi. Huyo watoto wenu hawaambiwi sana.

Sasa nawauliza: Rosa Parks amekamatwa Alhamisi jioni. Jumatatu asubuhi mabasi yanapita matupu. Katikati hapo kulitokea nini? WhatsApp hakuna. Nani aliyegonga bodi?

Usiku ule ule wa Alhamisi, mwalimu wa Kiingereza wa chuo cha weusi pale mjini, Jo Ann Robinson, alikwenda chuoni usiku wa manane. Alikuwa na mwenzake mmoja aliyekuwa na ruhusa ya mashine ya kudurufu, na wanafunzi wawili. Walimu wenzangu, mnaikumbuka mashine ile? Wino unakuingia mpaka kwenye kope. Wakadurufu mpaka alfajiri, maelfu kwa maelfu ya vikaratasi: Jumatatu usipande basi. Kulipokucha vikasambazwa mashuleni, saluni, madukani, kwa wanafunzi wapeleke nyumbani. King, wakati huo mchungaji kijana wa miaka ishirini na sita aliyehamia mjini karibuni tu, aliamka akakuta mambo yameshaiva.

Na walidai nini? Hapa ndipo mimi huwa nashangaa kila ninaposoma. Mwanzoni hawakudai ubaguzi ufutwe! Walidai dereva awe na adabu. Walidai mtu akiwahi kiti abaki nacho, weusi wakijaza kutoka nyuma, wazungu kutoka mbele. Walidai madereva weusi waajiriwe kwenye njia za mitaa ya weusi. Basi. Adabu na kiti. Wakubwa wa mji wangekubali siku ya pili, pengine leo tusingekuwa na habari ya kusimulia. Wakakataa. Kiburi si maungwana. Waliponyimwa kidogo, wakaenda mahakamani kudai chote.

Mgomo ulikwenda siku 381. Siku mia tatu na themanini na moja, mama zangu! Watu wanatembea, mvua inanyesha, jua linawaka. Wenye magari wakapanga zamu za kubeba wenzao, wakawa na vituo na ratiba kuliko kampuni yenyewe. Lakini gari linataka petroli, linataka tairi, linataka bima. Pesa zinatoka wapi?

Hapo namleta mpishi. Georgia Gilmore. Mnene, mwenye sauti, haogopi mtu. Mama ntilie hasa. Alikuwa amepika kwa ajira katika mgahawa mjini. Akawakusanya wanawake wenzake, wapishi na watumishi wa majumbani, wakawa wanakaanga kuku, wanaoka keki na mikate ya viazi vitamu, wanauza mlango kwa mlango, saluni hadi saluni. Weusi wananunua, na hata wazungu wananunua, hawajui au wanajifanya hawajui. Jumatatu jioni kwenye mkutano kanisani Georgia anasimama, anatembea mbele, anakabidhi pesa za wiki, kanisa zima linashangilia. Na kikundi kile kilikuwa na jina gani? Kiliitwa kilabu cha Hakuna Mahali. Kwa nini? Kwa sababu mtumishi akiulizwa na bosi wake, hizi pesa za mgomo zinatoka wapi, ajibu bila kusema uongo: hazitoki mahali popote.

Georgia alisimama mahakamani Machi 1956 katika kesi ya King, aliyeshtakiwa kwa ajili ya mgomo ule, akasema wazi alivyotendewa na dereva wa basi. Kazi yake ikaota mbawa. Basi akaanza kupika nyumbani kwake, King mwenyewe akimsaidia mtaji, na meza yake ikawa mahali ambapo wachungaji, wanasheria na polisi walikula bega kwa bega.

Kesi iliyomaliza ubaguzi kwenye mabasi hayo haikuwa ya Rosa Parks. Ilikuwa ya wanawake wanne wengine, na mmoja wao ni yule binti, Claudette Colvin. Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa haki Novemba 1956, na Desemba 21 watu wakapanda basi wakakaa wanapotaka. Georgia Gilmore yeye alifariki 1990 na chakula alichokuwa amekiandaa kwa ajili ya kumbukumbu ya maandamano ya haki za raia ya Selma kikaliwa na waombolezaji wake. Mpishi kapikia msiba wake mwenyewe. Hilo silo la mtihani wa uraia, lakini mimi sijawahi kulisahau.

Nimeona wazee mliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, mmeinama mnanong'ona. Mnauliza: hayo ya Alabama yanatuhusu vipi sisi? Nakuja. Inueni vichwa, maana sehemu hii ni yenu.

Wangapi hapa wamekuja na viza ya bahati nasibu? Mikono juu. Haya. Wangapi mmekuja kama wakimbizi? Eeh, nusu ya ukumbi. Wangapi mmeletwa na mume, mke, kaka, mtoto? Vizuri, shusheni. Milango mitatu. Nitawaambia nani aliifungua, na alikuwa anamfungulia nani. Mkae vizuri msije mkaanguka.

Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria ya wahamiaji iliyogawa nafasi kwa asili ya taifa. Hesabu ilipopangwa rasmi, Uingereza ikapata nafasi zaidi ya 65,000 kwa mwaka. Asia karibu yote ikafungiwa nje. Na sisi? Tumo kwenye orodha, msidhani hatumo. Tanganyika nzima, kuanzia Kigoma mpaka Pangani: watu 100 kwa mwaka. Ruanda-Urundi, nchi mbili kwa pamoja: watu 100. Ukumbi huu una watu zaidi ya mia moja. Sisi tuliokaa hapa jioni hii tungemaliza nafasi za mwaka na wengine tungebaki nje na sahani zetu.

Sheria ile ilidumu miaka arobaini. Kisha moto wa Montgomery ukasambaa. Selma, Birmingham, Washington. Ikawa aibu kwa nchi inayosema watu wote ni sawa kuwa na sheria inayopima watu kwa asili yao mlangoni. Oktoba 3, 1965, Rais Lyndon Johnson alikwenda pale kwenye sanamu ya Uhuru, New York, akatia saini sheria mpya. Na alisema nini? Alisema sheria hii si ya kimapinduzi, na haigusi maisha ya mamilioni ya watu.

Haigusi maisha ya mamilioni! Ndugu zangu, dereva alikuwa anaongea huku gari limeshakata kona na yeye hajui.

Na kuna mtu wa hapa hapa Ohio katika habari hii. Mbunge wa Cleveland, Michael Feighan, aliyesimamia kamati ndogo ya uhamiaji. Wenzake walitaka wahamiaji wachaguliwe kwanza kwa ujuzi. Feighan akasema hapana, tutangulize ndugu wa watu ambao tayari wako hapa. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: walioko hapa wengi ni Wazungu wa Ulaya, basi wakiita ndugu zao watakuja nani? Wazungu wa Ulaya. Nchi itabaki na sura ile ile na hakuna atakayetuita wabaguzi.

Kumbe Mungu si Athumani. Ulaya wakati ule ilikuwa imeshapona vita, watu wana kazi, nani ahangaike kuvuka bahari? Wenye haja ya kuvuka walikuwa Wafilipino, Wakorea, Wahindi, Wameksiko, na baadaye sisi. Daktari mmoja anakuja, anamwita mkewe, mke anamwita kaka yake, kaka anamwita mama. Wewe uliyeletwa na dada yako ukashuka kiwanja cha ndege cha Columbus mwezi wa kwanza na makobazi, mlango ulioingilia aliufungua mbunge wa Cleveland, na hakuwa anakutarajia.

Mlango wa pili, wa wakimbizi. Kabla ya 1980 sheria ya Marekani ilimtambua mkimbizi hasa kama mtu anayekimbia Ukomunisti au anayetoka Mashariki ya Kati. Vita vya Vietnam vikaisha 1975, mashua zikajaa baharini, watu kwa maelfu na maelfu wakaja, na sheria ya zamani ikashindwa kubeba mzigo. Rais Carter akatia saini sheria mpya Machi 1980, ikachukua maana ya Umoja wa Mataifa: mkimbizi ni yeyote anayekimbia kuteswa kwa ajili ya rangi yake, dini yake, taifa lake, kundi lake, siasa zake. Maneno yale waliyokuwa wakiwauliza kwenye mahojiano kule Kigoma, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya saba, hapo ndipo yalipotoka. Waliogonga bodi walikuwa Wavietnamu ndani ya mashua. Ninyi mlipanda baadaye.

Mlango wa tatu ndio unaonichekesha zaidi. Bahati nasibu. Sheria ya 1990. Wabunge wenye asili ya Ireland walikuwa na ndugu zao wengi waliokuwa wanaishi Marekani bila karatasi, wakaona sheria ya 1965 imewanyima nafasi. Wakabuni viza za mchanganyiko. Katika miaka mitatu ya kwanza, asilimia 40 ya viza hizo zilitengwa kwa Waayalandi. Kisha kipindi hicho kikaisha, bahati nasibu ikafunguliwa kwa nchi zenye wahamiaji wachache, na nani akaingia na bahasha yake? Mtu wa Moshi. Mtu wa Kisumu. Mtu wa Bujumbura. Mlango ulichongwa kwa kipimo cha Dublin, akapita mtu wa Tandale.

(Hapa ukumbi ulicheka mpaka nikapumzika kidogo nikanywa maji.)

Sasa niwaulize vijana wa zamu ya usiku, nyinyi mnaolinda majengo ya maofisi. Mwenzenu mmoja alimwangusha Rais. Mnajua?

Usiku wa kuamkia Juni 17, 1972, katika jengo la Watergate mjini Washington, alikuwa zamu kijana mweusi wa miaka ishirini na nne, Frank Wills. Mshahara wake ulikuwa dola 80 kwa wiki. Akizunguka, akaona selotepu imebandikwa kwenye kitasa cha mlango wa chini ili usijifunge. Akaitoa. Akafikiri ni wafagizi. Akaenda akala. Aliporudi, selotepu imebandikwa tena. Wewe ungefanyaje? Saa nane za usiku, mshahara wenyewe ule, bosi amelala. Wengi wetu tungeitoa mara ya pili tukaendelea na simu zetu. Frank Wills akaandika katika daftari la zamu, saa saba na dakika 47 usiku, kwamba amekuta tepu milangoni, akapiga simu polisi.

Polisi wakawakamata wanaume watano ndani ya ofisi za chama cha Democratic. Uzi ukavutwa. Ukaenda mpaka Ikulu. Agosti 9, 1974, Richard Nixon akawa Rais wa kwanza wa Marekani kujiuzulu.

Wakubwa wengi wa habari ile waliandika vitabu, wakatoa mihadhara, wengine hata waliofungwa walitajirika baada ya kutoka. Frank Wills hakupata kazi ya kudumu tena. Alikufa maskini mwaka 2000, miaka hamsini na miwili. Sina la kuongeza hapo.

Nipite haraka kwenye chuma, kwa sababu muda umekwenda, ingawa jambo hili ndilo linaloeleza jimbo mnaloishi. Wale mliowahi kuendesha kwenda Youngstown mmeona magofu ya viwanda kando ya mto. Jumatatu, Septemba 19, 1977, wafanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Campbell waliambiwa kinafungwa. Takriban watu 5,000. Watu wa kule mpaka leo wanaiita Jumatatu Nyeusi. Kiwanda kilikuwa kimenunuliwa na kampuni ya meli ya New Orleans, ambayo haikuweka pesa ya kutosha kwenye matanuru mapya, huku chuma cha Wajapani kinaingia bei rahisi. Wachungaji na maaskofu wa eneo lile wakaungana na wafanyakazi wachange wakinunue wenyewe. Wakachangisha kweli! Serikali ikakataa kuwadhamini mkopo mwaka 1979, ikawa basi. Mji uliokuwa na watu 170,000 mwaka 1930 sasa una kama 60,000.

Miaka minne baadaye, Agosti 1981, waongozaji ndege waligoma, na Rais Reagan akafukuza zaidi ya 11,000 kwa mpigo. Waajiri nchi nzima wakasoma ujumbe. Zamani, miaka ya hamsini, karibu theluthi ya wafanyakazi walikuwa kwenye vyama. Leo ni kama mmoja kwa kumi. Ukisikia msimamizi ghalani anasema Jumamosi ni lazima na hakuna mtu wa kumjibu, kumbuka tarehe hizo mbili. Na ukijiuliza jimbo lililompa Obama kura mara mbili, 2008 na 2012, lilimpaje Trump 2016, nenda kakae Youngstown siku moja. Kunywa kahawa. Sikiliza tu.

Jambo la mwisho, na hili nililiona kwa macho.

Ijumaa, Agosti 7, 1998, saa nne na nusu hivi asubuhi, nilikuwa Dar es Salaam, Kariakoo, nimekuja kununua chaki na daftari za shule. Tukasikia kishindo kutoka mbali. Muuza duka akasema ni tairi la lori. Kufikia mchana redio ikawa inasema ni bomu kwenye ubalozi wa Marekani, na Nairobi pia. Nairobi walikufa watu 213. Dar watu 11. Ndugu zetu Wakenya wanakumbuka: wengi walipofuka kwa sababu mlipuko wa kwanza ulikuwa mdogo, wakakimbilia madirishani kuchungulia, na mlipuko mkubwa ukawakuta nyuma ya vioo. Katika jumla ya watu 224, Wamarekani walikuwa 12.

Washtakiwa wanne wa mabomu hayo ya kundi la al-Qaeda walihukumiwa kuwa na hatia Mei 29, 2001, katika mahakama ya Manhattan. Kutoka mahakama ile hadi yale majengo pacha unatembea kwa miguu. Miezi mitatu na nusu baadaye majengo hayo hayakuwepo. Septemba 11 kundi lile lile likaua watu 2,977, na Marekani ikakata kona ambayo bado haijaimaliza: Afghanistan, Iraq, kuvua viatu uwanja wa ndege mpaka 2025, alama za vidole vyote kumi. Ofisi ya zamani ya uhamiaji ikavunjwa, na tangu Machi 2003 faili lako liko chini ya wizara ya usalama wa ndani. Ndiyo maana mzee wa Nyarugusu aliyekuwa tayari na tiketi alisubiri miaka.

Wamarekani wanahesabu kuanzia Septemba. Sisi, watu wa Nairobi na Dar, tuliisikia bodi ikigongwa miaka mitatu mapema. Ofisa akikuuliza nini kilitokea Septemba 11, 2001, mjibu kama kitabu kinavyosema. Akiwa na nafasi ya kuongea, na wengine wanayo, ni watu kama sisi, mwambie na habari ya Agosti 7.

Naishia hapo, naona mama zetu wananionyesha saa. Darasa la uraia ni Jumamosi saa nne asubuhi, chumba kile cha nyuma, mje na kalamu. Wenye zamu ya usiku, nje kuna magari matatu ya kuwapeleka, mwenye kwenda upande wa kusini amtafute kijana mwenye kofia nyekundu, nauli hakuna. Na pilau iko tayari. Nimemuuliza mama mkuu wa jikoni hela ya mchele na nyama ya watu wote hawa imetoka wapi, maana mfuko wa jumuiya naujua, mimi ndiye mweka hazina. Amenitazama, akacheka, akasema, mwalimu, si umeshasimulia mwenyewe?